Msalaba wa Baba Doto

"Mama Irambona, hivi mtu akisimika msalaba mahali ambapo hapajazikwa mtu, kwa Mungu hiyo ni dhambi?"

Lugembe aliuliza hivyo asubuhi moja ya kiangazi, ameegemea ua wa minyaa, mswaki ungali mdomoni. Janeti alikuwa akifagia kaburi la mumewe, kama alivyofanya kila siku baada ya sala ya asubuhi, na hakuinua kichwa. Alimjua jirani yake. Lugembe alikuwa seremala, baba wa mapacha Kulwa na Doto, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kusaidia. Ndiye aliyetengeneza jeneza la Prosperi na akakataa kulipwa. Lakini akianza kuuliza mambo ya dini, ujue liko jambo la dunia limejificha nyuma yake.

"Inategemea anamsimikia nani," Janeti akajibu.

"Tuseme hamsimikii mtu."

"Basi sisi tutakaopita hapo tutamwombea nani, Baba Doto?"

Lugembe akatema povu pembeni, akacheka. "Mwombeeni atakayekuwepo."

Janeti akayaacha hapo. Hazikupita siku nyingi akaelewa.

Timu ya mkoa ilikuwa imepanda Ligi Kuu, na sasa ilitakiwa iwe na uwanja wake, wa kisasa, wenye paa na taa. Kamati ilizunguka manispaa nzima kutafuta pa kuujenga. Cheyo nyumba zimebanana hata upepo unapita kwa kuomba njia. Isevya wenye vibanda walisema mbele ya viongozi kwamba hawatoki, na walivyosema vile kamati haikurudi kuuliza mara ya pili. Ndipo wakafika Ipuli, kwenye lile eneo wazi nyuma ya nyumba za mwisho, ambako mji unaishia na mashamba ya karanga yanaanza. Ardhi tambarare, ngumu, barabara iko karibu, mvua ikinyesha maji yanashuka yenyewe bondeni. Kando yake ilipita njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara kutoka pwani kwenda Ujiji, na kurudi na pembe mabegani. Siku hizi ni njia ya ng'ombe na bodaboda, lakini wenyeji bado wanaiita njia ya misafara.

Na kwenye eneo hilo, mwisho wa shamba la Janeti, alilala Prosperi.

Prosperi Ntahomvukiye alikuwa mtu wa kuhamishwa. Alitolewa Burundi mgongoni mwa mama yake, mwaka ule watu walipokimbia. Akakulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akafyeka msitu na wenzake, na shamba lilipoanza kumjua akaambiwa ahame. Akahamia Urambo kwenye tumbaku, nako hakukaa. Mwisho akaja mjini na mke wake na binti yao Irambona, akanunua kipande hiki cha Ipuli. Siku anakata roho alimshika Janeti mkono akasema, "Hapa sasa nisihamishwe tena." Janeti akamwahidi. Hakuahidi kwa maneno mengi. Alisema, "Hutahamishwa," akamfumba macho.

Sasa ahadi hiyo ilikuwa inapimwa kwa kamba.

Mhandisi aliyekuja kupima alikuwa binti mmoja anaitwa Stela, wa Dar es Salaam, suruali na kofia ngumu, lakini alipiga goti kidogo alipomwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maji."

Alikuja na kidude cha kurusha, kikapaa kama nzi mkubwa juu ya karanga, kikaangalia chini, na Janeti akaona shamba lake kwenye kioo mkononi mwa yule binti. Akaona bati la nyumba yake, mbuzi wake, na kijistatili cha saruji alichokifagia asubuhi ile. Stela akagusa kioo, na shamba likaondoka. Badala yake ukainuka uwanja. Paa lilizunguka kama mbawa za ndege aliyeatamia. Taa zilikuwa nyingi, zikimwaga mwanga mweupe ambao hauna kivuli, na watu, watu, safu juu ya safu, hata nyuso zikawa kama mtama uliomwagwa juani.

Janeti alisogea karibu na kioo. Alikuwa ameona umati wa sikukuu na umati wa wakimbizi, lakini hakuwahi kuwaza kwamba watu wengi kiasi kile wanaweza kukaa mahali pamoja bila kukimbia kitu.

"Hawa wote watakuja hapa?"

"Wote, mama. Timu ikifunga goli, Kwihara watasikia."

"Na mume wangu?"

Stela akazima kioo. Alieleza kwa upole. Makaburi yatahamishiwa makaburi ya manispaa, kwa heshima, na familia zitalipwa fidia. "Ila makaburi yakizidi, kamati haitaliweza eneo hili. Itabidi watafute pengine. Ipuli ni nzuri, mama, lakini si peke yake."

Lugembe alikuwa ng'ambo ya ua, anapiga randa ubao. Randa ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Kesho yake asubuhi, upande wa shamba lake, kulikuwa na tuta la udongo mbichi limezungushiwa mawe, na msalaba wa mninga umesimama kichwani, umepigwa msasa vizuri kabisa.

"Babu yangu," Lugembe akasema bila kuulizwa. "Mzaa baba."

"Babu yako si mlimzika Sikonge?"

"Huyo mwingine." Akakaribia ua, akashusha sauti. "Sikiliza, Mama Irambona. Pale mawe yalikuwa yamejipanga yenyewe toka nikiwa mdogo, nikasema kwa nini nijichoshe kutafuta mengine. Wakilichukua eneo, na mimi nimepata fidia. Makaburi yakiwaelemea wakaondoka, Prosperi wako amebaki. Wewe usiseme uongo. Kaa kimya tu."

Na Janeti akakaa kimya. Moyoni alijua kwamba kimya kile kilikuwa kinamfaa, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Lakini msalaba ni msalaba. Tangu utotoni alifundishwa kutopita mbele ya msalaba wa kaburini kama anayepita mbele ya nguzo ya umeme. Kila alfajiri akimaliza kwa Prosperi, jicho lilivuka ua, na kabla hajajizuia mdomo ulishasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Kisha anajikemea. Umpe nani? Udongo wa Lugembe? Kesho yake mdomo unarudia. Mwisho akaacha kujikemea, akawa anaomba tu, kama mtu anayemsalimu mpangaji mpya ambaye hajamwona sura.

Siku ya uhakiki kamati ilifika yote. Mwenyekiti wake, Mzee Humaidi, alikuwa mfanyabiashara wa mjini, wa zile familia za Kiarabu ambazo mababu zao waliongoza misafara kwenye njia ile ile. Alivaa kanzu na kofia, na mkononi hakushika kitu ila bakora. Watu wa Ipuli walijaa pembeni, vijana wamevaa jezi, maana wengi waliutaka uwanja ule kwa moyo wote. Lugembe mwenyewe alivaa jezi. Hakukosa mechi hata moja ya timu.

Kwa Prosperi hapakuwa na swali. Nusu ya waliosimama pale ndio waliolibeba jeneza lake.

Wakahamia kwenye tuta. "Nani alishuhudia mazishi haya?" Mzee Humaidi akauliza.

"Ni ya zamani, mzee," Lugembe akasema.

"Udongo wake si wa zamani."

"Tulikarabati."

Watu wakacheka. Mzee Humaidi hakucheka. "Jirani wa hapa ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Janeti. Akashika rozari ndani ya kitenge. Akaliona kaburi la Prosperi kwa pembe ya jicho, na akaona kwamba neno lake moja lingeweza kulifanya libaki lilipo. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Sikuona mtu akizikwa hapa," akasema. "Niliona tuta asubuhi."

Lugembe akainamisha kichwa. Janeti alihisi kama mtu aliyefungua mlango mwenyewe na kuwaambia wachukuzi, mchukueni, yuko ndani.

"Lifunguliwe," Mzee Humaidi akasema. "Kibali tunacho. Tuone, yaishe."

Wachimbaji walishuka wakicheka. "Babu yako mwepesi, Baba Doto, udongo hata haujamlalia." Tuta likaisha upesi, wakafika ardhi ya asili. Mmoja wao, Silasi, akasema ashuke kidogo zaidi ili pasije kubaki maneno. Akapiga jembe. Akapiga tena. Kisha akasimama, jembe likiwa juu, akalishusha taratibu pembeni, akavua kofia.

Alitoka tu shimoni.

Mzee Humaidi alisogea ukingoni, akatazama, akampa Stela bakora, akashuka na kanzu yake nyeupe ndani ya udongo. Alipiga magoti. Akafuta kwa kiganja, kidogo kidogo, kama anayefuta uso wa mtoto aliyelala. Watu walikuwa wengi pale, na bado Janeti alisikia mchanga unavyokwaruza chini ya kiganja kile.

Kulikuwa na mtu. Mifupa yake ilikuwa na rangi ya chai, na shingoni shanga chache za buluu, uzi umeshaoza, zimebaki zimejipanga palepale.

"Kichwa kiko huku," mzee akasema kwa sauti ya chini, akionyesha upande wa mbali. "Msalaba mmemwekea miguuni. Kalazwa kwa ubavu wa kulia. Uso uko kibla." Akapuliza mchanga kwenye shanga. "Huyu ni mtu wa msafara. Wengi wao walipoanguka waliachwa njiani, mzigo ukapewa mwingine, msafara ukaendelea. Huyu kuna mtu alisimama. Akachimba hivi, akamgeuza hivi, akampangia na mawe. Wenzake wanamwacha nyuma, na yeye anapanga mawe."

Vijana wa jezi walikuwa wamekaribia ukingoni bila kusukumana. Janeti akatazama ile njia ya misafara, nyembamba, ina mavi ya ng'ombe, akaiona imejaa miguu, miguu isiyo na viatu inayokuja toka mbali kusikokumbukwa, na mtu mmoja ametoka kwenye mstari. Akakumbuka nyuso za kwenye kioo cha Stela, safu juu ya safu. Wote wale wangekaa juu ya huyu mmoja, wapige kelele, na yeye yuko chini ameelekea kibla.

Ndipo likamjia jambo lingine, taratibu, akashika mti wa ua. Kila alfajiri alikuwa akimwombea. Alidhani anaombea udongo mtupu, na kumbe palikuwa na mtu anayeombewa. Ni nani ajuaye kama kuna mwingine aliyewahi kumtaja mtu yule tangu mwenzake alipofuata msafara? Hakumjua jina, hakumjua dini, na Mungu alimpokelea sala hizo vilevile, akimtumia Lugembe na uvivu wake wa kutafuta mawe.

Mzee Humaidi akaomba sanda. Yeye na Waislamu wachache wakamsomea, wakamfukia tena palepale, na Wakatoliki wakasimama nyuma kimya. Kisha akasema kwa adabu kwamba msalaba ule ungeondolewa. Lugembe akaung'oa, akabaki ameukumbatia, hajui pa kuupeleka. Janeti akanyoosha mikono, akaupokea. Wa Prosperi ulikuwa umeliwa na mchwa.

Kikao cha mwisho kilifanyika ofisi ya kata, madirisha wazi, watu wamejaa hadi nje. Janeti alikaa benchi la mbele. Stela alieleza kifupi. Aliyefukuliwa, akipata ndugu, ndugu atatia saini, marehemu atahamishwa kama wengine, na ujenzi utaanza. Asipopata ndugu, hakuna mwenye haki ya kumhamisha mpaka watu wa mambo ya kale waje wachunguze njia yote ile, na timu haiwezi kusubiri. Uwanja utakwenda upande mwingine wa mji.

"Bwana Lugembe," Mzee Humaidi akasema. "Ulitamka mbele yetu kwamba pale amelala babu yako. Mimi leo sikutuhumu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na waliosilimu njiani walikuwa wengi. Inawezekana kabisa ni babu yako. Ukisema ndiye, hakuna hapa wa kukupinga."

Kwenye madirisha vijana wakanong'ona. "Sema ndiye, mzee. Baba Doto, sema." Mmoja akagonga ukuta kwa kiganja, polepole, kama wanavyogonga viti kabla ya penalti.

Safari hii hakuna aliyemuuliza Janeti. Alikuwa na rozari, na ahadi, na midomo aliyoifunga. Lugembe alimtazama kana kwamba anataka ishara. Janeti akashusha macho kwenye mikono yake. Lililokuwa lake kulisema alishalisema siku ile.

Lugembe akasimama. Jezi yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

"Nilimwita babu kabla sijamwona," akasema. "Sasa nimemwona." Akaikunjakunja kofia yake. Kugongagonga ukutani kukakoma. "Yule alifika kwetu mgeni, akapewa pa kulala. Simjui. Siwezi kumtolea saini."

"Una hakika?" mtu mmoja akauliza toka dirishani, sauti inataka kulia.

Lugembe akavaa kofia. Akapita kati ya mabenchi, watu wakimpisha kwa magoti, akamgusa Janeti begani kwa ncha za vidole, akatoka nje juani.