Jino la Mpiga Pasi

Tangu alfajiri mpiga pasi alikuwa ameshika shavu, na mkewe amemshika mkono, wakisogea pamoja kwenye benchi la kliniki ya meno kila mgonjwa alipoitwa ndani. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likabaki kama kitundu cha kifungo. Njiani alikuwa amemsihi mkewe asithubutu kutaja ugonjwa wake wa moyo. Mara ya mwisho walipoutaja walirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, na bosi wa dobi akamweka mtu mwingine kwenye pasi. Mke akaitikia kwa kichwa. Mume hajapata usingizi wiki nzima, anakuomba jambo dogo kama hilo, utamkatalia vipi?

Ndani, daktari wa meno, binti mpole mwenye macho mekundu kwa uchovu, alimlaza kwenye kiti akamuuliza kama ana presha, kama moyo unamsumbua, kama kuna dawa anazomeza kila siku.

"Mimi mzima, daktari. Wewe ng'oa tu."

Daktari akaandaa sindano ya ganzi. Mke aliitazama ncha ikisogea mdomoni. Akakumbuka jinsi mumewe anavyosimama katikati ya ngazi akijifanya anafunga kamba za viatu, kumbe anatafuta pumzi. Maneno yakamtoka kabla hajaamua.

"Ana moyo, daktari. Anameza dawa kila asubuhi."

Sindano ikashushwa. Mpiga pasi akafumba macho, akageuzia uso ukutani.

Daktari hakukasirika. Aliwaeleza kuwa ganzi aliyonayo imechanganywa na dawa ya kubana mishipa, nayo huweza kuukimbiza moyo. Kwa mgonjwa kama yeye hutolewa kidogo, polepole, baada ya kuvuta sindano nyuma kuhakikisha haijaingia kwenye mshipa wa damu, na presha ikiwa imeshapimwa. Sasa mashine ya presha iliharibika, na wameomba nyingine mpaka wamechoka kuomba. Ganzi isiyo na mchanganyiko nayo imekwisha stoo.

"Ningekuwa navyo, baba, ningeling'oa sasa hivi," alisema. "Bila hivyo nitakuwa nabahatisha na roho yako."

Akawaandikia waende hospitali kuu. Huko karani, macho kwenye simu yake, aliwapa tarehe ya baada ya msimu wa mvua. Mke akamwonyesha shavu. Karani akajibu kwamba tarehe ndiyo hiyo, na wasioitaka waiache.

Mpiga pasi alitangulia kutoka. Hakuelekea nyumbani. Alikata uchochoro wa nyuma ya soko, kwa mng'oaji meno mmoja ambaye wenzake kazini walimsifu kuwa ana mkono mwepesi na hana maswali. Mke alimfuata akimbembeleza. Mumewe akasema kwa leo ameshamsikiliza vya kutosha.

Mng'oaji alikuwa mtu mchangamfu, kiti chake cha plastiki kikiwa nyuma ya pazia. Akavuta dawa kutoka kwenye kichupa kilichobanduka karatasi. Mke akajiweka kati yake na kiti alichokalia mumewe.

"Ana moyo," alisema.

"Mama, nani hana?"

Waliokuwa wakisubiri wakacheka. Hata mpiga pasi alitabasamu upande mmoja. Mng'oaji akamsogeza mke taratibu kwa kiwiko, akachoma, akasukuma dawa yote kwa mpigo mmoja. Hakuvuta sindano nyuma. Mke aliona.

Haikuchukua muda mpiga pasi akaanza kutetemeka, jasho likamchuruzika, akasema moyo unamkimbia. Mng'oaji alimpepea kwa kipande cha boksi, akisema huo ni woga tu. Mke akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikwenda mbio, yakajikwaa, yakaenda mbio tena. Hakukuwa na wa kumwita. Akabaki kuyafuata kwa vidole mpaka yalipotulia yenyewe.

Jino likang'oka. Mpiga pasi akatema damu, akajipapasa shavu, kisha akamtazama mkewe.

"Umeona?" alisema kwa mdomo mzito. "Mbona huyu hakunikataa?"

Vidole vya mke bado vilikuwa kwenye mapigo yake. Mumewe akauchomoa mkono wake, akasimama, akasema anakwenda kuiwahi pasi. Mke alibaki pale sakafuni, na mng'oaji akamwomba kwa adabu asogee kidogo, mwingine akae.