Vitofali vya Mlango wa Nyuma

Kipovu cha pima maji kilikimbilia upande wa ukuta, kikagoma pale pale. Mervyn Tregenza akagonga kioo kwa ukucha, kana kwamba kosa ni la kipovu. Kikaendelea kugoma. Safu ya vitofali iliyogusana na kizingiti cha mlango wa nyuma ilikuwa imeinuka tena, vidole viwili kamili. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu Januari.

"Umesali lakini?"

Lefteris, jirani yake, alikuwa ameegemeza viwiko juu ya ua wa mabati. Mzee huyu alimwaga zege jiji zima la Adelaide, Australia, mpaka magoti yakamkatalia. "Maana kuchimba hutaki. Limebaki kanisa tu."

"Nenda kachungulie kwako."

"Kwangu nimeshachungulia. Kwangu kumenyooka."

Merv hakucheka. Alhamisi mkaguzi wa hospitali alikuwa anakuja.

Una, mkewe, alipigwa na kiharusi wiki moja baada ya Krismasi, upande mzima wa kulia ukalala. Wakampeleka nyumba ya wazee, kwa muda, wakasema, mpaka kwake pakae sawa. Mbele ya nyumba kulikuwa na ngazi saba za mawe. Kiti cha magurudumu kingeweza kuingia kwa nyuma tu, kutoka kichochoroni, kupitia uani, hadi mlangoni. Kikipita, Una anarudi. Kikikwama, anabaki kule kule mpaka mwisho. Mdomoni mwake lilibaki neno moja. Akitaka maji, "nyumbani." Akitaka kugeuzwa kitandani, "nyumbani."

Kwa hiyo Merv, aliyeendesha lori la taka miaka thelathini na tisa na hajawahi kujenga hata banda la kuku, akasakafia ua kwa vitofali peke yake.

Udongo wa mtaa ule ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mkono. Ukinywa maji unavimba kama donge la unga lililotiwa hamira. Na kila mtu pale anajua kwamba nyumba isiponyweshwa kiangazi, udongo unajikunja chini ya msingi na kuta zinachanika. Ndiyo maana maji ya kuoga hayapotei. Yanachotwa kwa ndoo, yanamwagwa kando ya ukuta. Una alifanya hivyo miaka arobaini na moja, Merv akimcheka. Sasa alimwaga yeye, asubuhi na jioni, ndoo nne badala ya mbili. Hakutaka mkewe arudi akute ufa.

Jumatano Lefteris alimkuta na ndoo mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nanywesha ukuta."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku."

Lefteris akavua kofia. Mzaha ulimtoka usoni. "Merv, bwana. Hukuvipanga vibaya. Unaviinua mwenyewe. Huku unanywesha, udongo unavimba. Kule katikati ya ua mkavu kama mfupa, unadidimia."

Merv aliitua ndoo chini taratibu. Mchanga wa chini ya vitofali alikuwa ameubadilisha mara mbili, akiulaumu.

"Nikiacha kumwaga?"

Lefteris akatazama juu ya dirisha la chumba cha kulala, mahali palipokwisha kuanza mstari mwembamba wa ufa. "Ukuta unakwenda."

"Nikiendelea?"

"Vitofali vinakwenda."

"Sasa?"

"Sasa ilitakiwa uchimbe mpaka magotini, utoe mfinyanzi wote, ujaze kokoto, ushindilie, uache mvua za baridi zipite juu yake ndipo upange. Nilikwambia Januari."

"Januari ulisema nimwage zege."

"Zege nalo lingepasuka. Ila lingepasuka kitaalamu."

Hata hivyo alizunguka, akaingia kwa geti la kichochoroni, akapiga magoti yale yale mabovu huku akitukana kwa Kigiriki. Wakawa waking'oa kitofali, wakikwangua mfinyanzi ulionata kwenye koleo kama gundi, wakikirudisha, wakikigonga kwa nyundo ya mpira. Jua lilipokaribia paa, kipovu kilitulia katikati. Jioni hiyo Merv hakumwaga maji.

Lakini maji ya wiki sita yalikuwa bado chini. Asubuhi safu ilikuwa imeinuka unene wa kidole.

Mkaguzi aliitwa Kirsty. Alikuja na kiti kitupu, akamwomba Merv akikalie. Akamsukuma kutoka kichochoroni. Uani walikwenda vizuri. Kwenye safu ya mwisho magurudumu ya mbele yakagota, na Merv nusura aanguke kifudifudi.

"Sukuma, dada!" Lefteris alipaza sauti kutoka uani kwake. "Huyo mzito kuliko mkewe!"

Kirsty akarudi nyuma, akajaribu tena. Mara ya tatu kiti kilipanda, meno ya Merv yakagongana.

"Kimepita," alisema Merv.

"Kimepita na wewe unayeweza kujishika." Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Hii ni leo, bado kukavu. Juni mvua zikija?"

"Nitavipanga upya. Kila wiki nitavipanga."

"Wewe una miaka sabini na miwili, Merv."

"Kila siku, basi."

"Najua ungefanya hivyo," alisema Kirsty. Akaandika akiwa bado amechuchumaa, na Merv akageuka ili asione kalamu.

Jumamosi, kwenye nyumba ya wazee, Merv aliwakuta wahudumu wamekwisha kumhamisha Una, kutoka chumba cha muda cha mbele hadi cha ndani, cha wakaao daima, chenye kabati lake. Merv alikamata vishikio vya kiti chake. Alimtoa nje. Ua wa nyumba ya wazee ulikuwa wa zege, mkubwa, sawa kama meza. Chini ya turubai ajuza mmoja alisinzia mdomo wazi. Merv alisukuma mpaka ukutani, akageuza, akarudi. Aliposimama, Una aliinua mkono wake mzima akaonyesha mbele. Akasukuma tena. Walizunguka mara ya tatu, mara ya nne. Magurudumu hayakutoa sauti yoyote.