Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Kukaushia

Msimamizi wa zamu alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa chumba cha kukaushia sabuni, akiandika kwa chaki, ubavuni mwa kila trei, siku iliyokatwa sabuni yake. Alikuwa kwenye trei ya thelathini na moja. Kiwandani walimwita Mama Chaki, kwa kuwa hakuna jambo aliloliamini mpaka aliandike mahali.

"Wifi, umerudi chekechea?" aliuliza mdogo wa mumewe kutoka kwenye meza ya wafungaji, nje tu ya mlango.

"Niache nijifunze kuhesabu."

"Basi jifunze upesi. Saa kumi wanne kati yetu tunaagwa."

Hapo utani uliishia. Asubuhi meneja alikuwa ametamka kwamba oda imechelewa wiki ya tatu mfululizo, kwamba wafungaji wanane wanajikokota, na kwamba jioni atapunguza wanne akodi mashine ya kufungia. Mama Chaki aliomba apewe mpaka saa hiyo achunguze. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Alikubali.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na mlango uliotumika ulikuwa mmoja. Karibu nao ilisimama mashine ya Fundi Waya, mkataji, mtu mzima aliyejivunia kutosimama tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Kila alipojaza trei, aliisukumiza ndani, nayo ikazisogeza za zamani nyuma. Wafungaji nao, walipohitaji kazi, walichukua iliyokuwa mlangoni.

Mama Chaki alisimama akasoma alichokiandika. Trei za mlangoni zilikuwa za jana. Za nyuma kabisa zilikuwa za wiki tatu. Na sabuni ile ilihitaji siku kumi kukauka. Akasoma tena, asije akawa amejidanganya.

"Fundi, hizi za huku nyuma huwa anazichukua nani?"

"Nani apenye huko? Labda panya."

"Na mlango wa nyuma?"

"Una makatoni tangu tulipohamia hapa, wiki tatu sasa. Mimi nimeajiriwa kukata, mwanangu, sikuajiriwa kufungua milango."

Hakumlaumu. Kila mtu pale alifanya kazi yake vizuri. Kasoro ilikuwa njiani, kazi ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Saa tisa na nusu meneja aliingia, karatasi yenye majina manne ikichungulia mfukoni mwa shati. Mama Chaki aliweka mezani miche miwili ya sabuni na karatasi za kufungia.

"Bosi, naomba unifungie hii miwili."

Meneja alicheka, akakunja mikono ya shati. Mche wa kwanza ulitoka mlangoni. Karatasi ilinata, akaivuta, ikachanika. Alipochukua nyingine, kidole gumba kikazama kwenye sabuni kama kwenye ugali. Mche wa pili ulitoka nyuma. Karatasi iliteleza, ikakunjika, kazi ikaisha kabla mtu hajakohoa.

"Kitanda usichokilalia, bosi," alisema wifi, akaishia hapo. Wenzake wakaziba midomo.

"Nani anawachagulia mbichi?" meneja aliuliza.

"Mlango," Mama Chaki akajibu, akamwonyesha zile chaki.

Meneja alizifuata moja moja hadi mwisho wa chumba, akarudi. Akaagiza trei moja ya nyuma iletwe, akashika saa yake. Asubuhi trei moja iliwachukua wafungaji dakika arobaini, kwa kuchana na kurudia. Hii waliimaliza kwa dakika kumi na nane, wakipiga soga.

Saa kumi ilishapita bila mtu kuitazama. Meneja alitoa ile karatasi ya majina, akafutia vidole vyake vilivyonata, akaitupa pipani.

"Haondoki mtu," alisema. "Mbichi ziingilie huku, kavu zitokee kule. Fungueni huo mlango."

Mama Chaki alikalia kreti tupu. Hapo ndipo alipogundua kuwa magoti yanamuuma. Wifi alipita na katoni kichwani, akamgonga begani kwa nyonga.

Fundi Waya alizima mashine yake, akaja kubeba na wenzake. "Kumbe wiki zote hizi nakata, nazika."

"Hukuzika, Fundi. Ulitumia mlango uliopewa."

"Na leo nimesimama. Usimwambie mke wangu."

Kengele ilipolia, makatoni yalikuwa yamepungua nusu, na mlango wa nyuma ulifunguka upana wa kiganja. Mwanga wa jioni uliingia kwa mstari mwembamba juu ya trei.

"Tumalizie, wifi?" aliuliza mdogo wa mumewe.

"Kesho. Tumechoka sote."

Trei kumi na tisa zilikuwa bado hazijaandikwa siku. Mama Chaki aliiacha chaki juu ya ile iliyofuata, ili asubuhi asitafute pa kuanzia.