Mlima Uliogeuka Shimo

Hulda Whitcher alikuwa amebandika kadi mia moja arobaini na nne tangu asubuhi, na zote alizikosea. Kazi yenyewe wala si ngumu: picha mbili pacha hutoka kwenye karatasi moja, unazikata, ya kushoto unaibandika kulia na ya kulia kushoto, ili mtu akizitazama kwa miwani ya ubao, kila jicho na picha yake, aone mlima umesimama mbele yake kama wa kweli. Lakini wenzake wa meza ya gundi walikuwa wakimtania juu ya mwoka mikate wa mjini Littleton anayemtaka, naye kwa kucheka akasahau kuzipishanisha. Alipojaribu kutazama moja, mlima ulikuwa shimo, na mawingu yako mbele ya miti!

Kiwanda kile hakikuwa na mchezo. Ukiharibu kadi tatu tu, unafungasha virago.

Wenzake wametoka kwenda kula, naye hajapata hata pa kuzificha, Bwana Amasa Thurlow, mkaguzi, akaingia, akachukua moja na kuitazama. Hulda akafumba macho.

"Safi kabisa, Bi Hulda! Mlima unanijia mpaka puani!"

"Unakujia?"

"Nusura nirudi nyuma!" Akaipiga muhuri.

Hulda alitamani kunyamaza, jamani, alitamani sana. Lakini wachuuzi wangezipeleka kadi zile nyumba kwa nyumba mpaka Boston, na watu wangeuziwa shimo.

"Bwana Thurlow, nimezibandika vibaya. Yeyote angeona."

Mzee akaiva uso mpaka masikioni. Akaurudishia mlango.

"Jicho la kushoto halioni," akanong'ona. "Surua, nikiwa na miaka minne. Ukitoa siri, nimekwisha."

"Miaka kumi na mmoja unakagua kwa jicho moja?"

"Nakagua madoa na gundi. Hayo ya puani nayasikia kwa watu, nami nayarudia."

Hulda akaangua kicheko, mzee naye akashindwa kujizuia. Wakaelewana papo hapo: kadi zitaloweshwa na kubandikwa upya, na tangu siku hiyo Hulda atatazama kabla mzee hajapiga muhuri.

Jioni Hulda alikuwa akitazama kadi ya kwanza iliyotengenezwa sawasawa.

"Bi Hulda," mzee akasema, mzaha wote umemtoka. "Kwani huwa inaonekanaje?"

Hulda hakuiondoa miwani usoni. Akamshika mkono, akaunyoosha mbele taratibu.

"Hapa pana mti. Mlima uko nyuma, mbali, mkono haufiki."

Bwana Thurlow akabaki ameushika ule mti pale hewani, hataki kuuachia.