Kimea cha Mwisho cha Eliza

Eliza wa Sekenke alipokufa hakuacha mali ya kugombaniwa. Aliacha mume, binti, na kibuyu cha kimea cha mtama alichokiotesha, akakianika na kukisaga kwa mikono yake mwenyewe. Mumewe, mzee Naftali, alichukuliwa na binti yao Dina akaishi naye Kiomboi. Kibuyu nacho kikaja, kimefungwa ndani ya kitenge, kikawekwa juu ya kabati. Hakuna aliyekigusa.

Dina alikuwa mwalimu wa baiolojia, mtu asiyekubali jambo bila ushahidi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamla moyoni. Mama yake alipozidiwa, yeye alikuwa anasimamia mitihani. Alipopigiwa simu alisema atakwenda Jumamosi, na Jumamosi ilipofika alikwenda kuzika. Tangu siku hiyo alitamani kitu kimoja tu: kuonja togwa ya mama yake, ule uji mwepesi wa kimea, hata kikombe kimoja, kama vile ndani ya kikombe hicho angeambiwa, yameisha, mwanangu.

Sikukuu ya Pasaka akajipa moyo. Akapika uji mzito wa mtama, akauacha upoe kidogo, akatia nusu ya kile kimea, akakoroga, akafunika. Wa Eliza ungekuwa umeshalegea na kuwa mwepesi, mtamu bila chembe ya sukari. Wa Dina ulikaa vilevile, mzito, hauna ladha, umenuna kama mkwe aliyenyimwa nyama.

Naftali alionja, akameza kwa heshima. "Umejitahidi, mwanangu."

Heri angemtukana. Wanawake wa kwao walikuwa na imani yao, kwamba mtu mwenye deni la msamaha hakorogi togwa, kimea kitamkataa. Darasani Dina alikuwa akiyacheka mambo hayo. Sasa alisimama jikoni na mwiko mkononi, akilia kama mtoto. Mama amenikataa, alijisemea. Kibuyuni kilibaki kimea cha kupikia mara moja tu. Akakifunga tena, akakisukuma nyuma kabisa kisionekane.

Shule zilipofunguliwa, somo lilikuwa vimeng'enya. Aliwaeleza wanafunzi kwamba vipo vimeng'enya visivyoweza kazi peke yao. Vinahitaji mwenzao mdogo aitwaye kofakta, pengine chembe tu ya madini: zinki, chuma, magnesi, kalsiamu. Mwenzake asipokuwepo, kimeng'enya kipo lakini kazi hakuna. Alikuwa amelisema hilo miaka nenda rudi na halikumgusa. Siku hiyo lilimgusa, kwa sababu alimkumbuka baba yake, aliyeshinda barazani tangu asubuhi hadi jioni, yupo na hayupo.

Jioni mzee akaanza uchokozi wake wa chai.

"Hili birika lako, Dina, linang'aa mno. La mama yako lilikuwa na ukoko mweupe ndani, unaukwangua kwa kisu wala hautoki. Chai yake ilikuwa na uzito. Hii yako ni maji ya mvua tu."

Dina akaweka kikombe chini. Ya mvua kweli, kwa maana nyumbani kwake walitumia maji ya tangi, yaliyovunwa kwenye bati. Na ule ukoko ulikuwa nini kama si chokaa, kalsiamu tupu? Kimeng'enya cha kwenye kimea, kile kinachovunja wanga wa uji kuwa sukari, kofakta yake ni kalsiamu. Kikiikosa, joto la uji linakiharibu upesi. Asubuhi ile ile alikuwa amefundisha hayo na chaki mkononi, na hakujisikia!

"Baba, mama alikuwa anatiaje kimea?"

"Alikiloweka kwanza na maji mabichi ya kisima. Yale yale ya chumvi mliyokuwa mnayakimbia."

Jumamosi Dina aliteremka Sekenke na dumu tupu. Kisimani alimkuta Jesca, jirani yao wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, sisi tunatamani maji matamu ya Kiomboi, na wewe unatoka Kiomboi kufuata haya?"

"Nimeyakumbuka," Dina alisema, na hakudanganya. Akiwa njiani kurudi alipita kwao. Mlango ulikuwa na kufuli. Akalishika, akasimama hapo kitambo, akitamani kusikia mtu akiuliza ni nani huyo nje.

Kesho yake, baada ya kanisa, akapika uji. Akaloweka kimea chote kilichobaki kwa maji ya kisima, akakimimina, akakoroga, akafunika, akakaa kando ya sufuria kama mtu anayeuguza. Alipofunua, uji ulikuwa umelegea. Akaonja. Ulikuwa ule ule utamu, na nyuma yake ile chumvi kidogo aliyoilalamikia utoto wake wote. Kumbe hakuna aliyemkataa. Alicheka kwa furaha, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Kama kimea hakikumkataa, basi hakikumsamehe pia. Yalikuwa maji tu.

Akampelekea baba yake kikombe. Naftali akafumba macho, akanywa hadi tone la mwisho.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Yenyewe kabisa."

Dina alingoja atabasamu. Mzee alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu.

"Ile ya Pasaka ilipokataa, nilifurahi. Nilisema Eliza kaondoka na mkono wake, hakuna mwingine wa kuupata. Sasa imekubali. Imekubali, mwanangu, na yeye hayupo."

Dina alikaa kando yake, akaigawa togwa iliyobaki katika vikombe viwili, na wakainywa polepole sana, kila mmoja akikwepa kuwa wa kwanza kumaliza.