Firigisi ya Okochi

Loy wa Buhehe alikuwa akimenya muhogo kwa meno, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekataa kushika kisu. Vilivimba kila alfajiri, magoti nayo yakaiga, na mkanda wa gomesi, vazi lake refu la kike, alifungwa na mama mkwe wake, Peninah. Muhogo ulimenyeka hivyo hivyo. Meno ya Loy hayakuwa na neno.

Daktari mmoja wa Tororo, kabla hajaikimbia nchi, alimweleza bila kuzunguka. Mwili wa kila mtu una askari wa kuulinda, na askari wa Loy walikuwa wamegeuka wakimshambulia mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Loy kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Mwaka huo wa 1976, chini ya serikali ya wanajeshi, watu wa Busia hawakuhitaji kuelezwa mara mbili jambo la namna hiyo. Mume wa Loy, Okochi, dereva wa lori la pamba, alishushwa na wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa kupanda mtama, na hakuonekana tena.

Dawa mpya ililetwa na Zubaida, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akivusha sabuni kutoka upande wa Kenya. Zilikuwa tembe mbili, alizozificha ndani ya mche wa sabuni.

"Dada, hii si kama ile ya zamani," alisema. "Ile nalaza askari yote, halafu mafua kidogo nakuua. Hii natoa wao nje. Wewe pikia wao, jitambulishe vizuri, watakujua. Kule ng'ambo mama moja sasa nalima."

"Na wakikataa?"

"Dawa bado mpya, dada. Meza, tungoje."

Loy akameza moja. Matumaini yalimjaa hata akayaonea haya, maana alishazoea kukaa bila hayo.

Jioni askari wakatoka. Walitokea kwenye viungo vya vidole, wadogo kama siafu, kofia kichwani, wakajipanga mkekani. Peninah aliwatazama, akaona jogoo mmoja atawatosha, akaenda kumkamata.

Kuku alipoiva, Loy alijitambulisha. Alitaja jina lake, la baba yake na la ukoo wake. Mkubwa wao alikuwa akilizunguka sinia. Aliona mapaja, kifua, hata shingo.

"Firigisi iko wapi?" aliuliza.

Kwao, Usamia yote inajua kwamba firigisi ni ya mwenye boma, na asipokuwepo huwekewa. Tangu Okochi ashushwe, Peninah alikuwa akizitundika za kila kuku juu ya meko, zikauke kwa moshi zimngoje mwanawe.

"Ni ya mume wangu," Loy akasema. "Amesafiri."

"Basi sisi hatujui hii nyumba ni ya nani," akasema mkubwa, na askari wakarudi walikotoka. Loy akalia kwa maumivu mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alimwomba Peninah azishushe firigisi. Peninah akakataa katakata. Kumlisha mtu mwingine firigisi ya Okochi kulikuwa ni kutamka kwamba Okochi hayuko, na hilo hakuna aliyekuwa amelitamka katika boma lile.

"Mwanangu atakula nini akirudi?"

"Mama, na akirudi atapikiwa na nani?"

Peninah akaketi chini, akamlilia mwanawe kwa sauti, kilio chake cha kwanza tangu achukuliwe. Kisha akapanda juu ya kigoda, akazishusha zote na kuziloweka.

Loy alimeza tembe iliyobaki. Jioni askari wakatoka, wakala firigisi. Mkubwa akajifuta midomo, akampigia saluti.

"Sasa tumekujua, mama," alisema, na wote wakaingia ndani polepole, bila kusukumana.

Kulipokucha Loy alijifunga mkanda mwenyewe. Akawaza kwamba kama hawa waliweza kumjua mwenye nyumba, huenda na wale wengine, wa kizuizini, wangeweza. Akachinja kuku, akampika pamoja na firigisi, akambeba hadi kwenye kizuizi. Alijitambulisha vizuri: jina, baba, ukoo, na Okochi wa lori la pamba.

Wanajeshi walikula kwa utulivu. Firigisi iliangukia mikononi mwa sajenti, akaitafuna akiitazama barabara.

"Okochi? Hatujui mtu hiyo," alisema. Kisha akaitazama mikono ya Loy. "Lakini wewe napika mzuri, mama. Mikono yako iko na nguvu. Kesho kuja tena, leta kuku mbili."

Kesho yake Loy alikwenda na kuku wawili. Njia nzima hakuna kiungo kilichomuuma.