Mwitikiaji wa Al-Nuzha

Madam Najla aliposikia kwamba Riyadh, kwenye hoteli moja ya mtaa wa Olaya, wake wa wakubwa wameimbiwa na msanii kutoka Korea, usingizi ulimwisha. Riyadh ipate kitu ambacho Jeddah haina? Tena Korea, nchi ambayo tamthilia zake alizitazama mpaka macho yakavimba. Alipiga simu huku na huku, akampata msanii huyo kwa jioni moja, nyumbani kwake mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, akaalika wanawake wenzake waje kuona nyota.

Aliyepika, akafagia na kupanga viti ni Valary, mfanyakazi wake wa nyumbani kutoka Webuye, Kenya. Mkataba wa Valary ulikwisha tangu Ramadhani, lakini haendi mtu kwao bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na katika nyumba ile ruhusa ilitoka kwa madam. Kwanza ilikuwa baada ya Idi. Kisha baada ya harusi ya shemeji. Sasa, "Baada ya wageni, Valary. Halas." Bintiye alikuwa anaingia form one Januari, naye alimwapia kwamba atampeleka mwenyewe. Ahadi za madam zilikuwa zimemfika shingoni.

Nyota akaingia. Alikuwa ajuza aitwaye Bi Paek, nywele amezibana kisogoni, upepeo mkononi, na nyuma yake mwanamke mwenye ngoma, pamoja na mkalimani. Wageni waliendelea kutazama mlangoni, wakingoja msichana wa kwenye tamthilia.

Bi Paek alipofungua kinywa ilitoka sauti ya kukwaruza, kama sufuria inayokokotwa sakafuni.

"Maskini, ana mafua," alisema madam. "Valary, yalla, tangawizi."

Mkalimani alieleza kwamba sauti hiyo bibi ameitafuta maisha yake yote. Madam aliitikia kwa kichwa, akaagiza na asali.

Hadithi iliendelea, nusu ikiimbwa, nusu ikisemwa. Kila baada ya kipande bibi alitua, akawatazama watu. Wanawake walikaa kimya kama maji mtungini, maana madam alikuwa amewaonya kwamba sanaa ya juu haipigiwi kelele. Bibi akaanza kunywea. Valary, amesimama na sinia, alishindwa kuvumilia. Kwao, mtu akikuhadithia nawe ukamnyamazia, umemtukana.

"Eeeh," akasema. "Endelea, nyanya."

Madam aligeuka, macho yamemtoka. Lakini bibi alicheka, akamwelekezea Valary upepeo, na sauti ikapanda. Mkalimani akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, bila wa kuitikia wimbo hufa. Kufumba na kufumbua madam alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Valary.

Wimbo ulimhusu mpishi katika nyumba ya tajiri. Kila akiomba kwenda kumwona mwanawe, mke wa tajiri humwambia, baada ya karamu ijayo. Mkalimani alipotafsiri hapo, wanawake walilia, na Madam Najla akawashinda wote.

"Mwanamke gani huyo," alisema, akijifuta. "Hana moyo?"

Valary akaona wakati ndio huu. "Madam, na ruhusa yangu?"

"Sasa hivi? Huoni nalia? Halafu bibi anarudi Machi. Nani atamwitikia?"

Valary alishikwa na hasira, akaliweka sinia mezani. Bi Paek akatua tena, akamtazama. Valary akafumba mdomo. Ngoma ikangoja. Mgeni mmoja alijaribu "eeh" ya kinyonge, bibi hakumjali. Wageni wakamgeukia madam.

"Itikia," madam alinong'ona.

"Ruhusa kwanza, madam."

Mkalimani, ambaye alilipwa kutafsiri kila kitu, akatafsiri na hilo. Bi Paek akafunga upepeo, akakaa chini, akasema neno na mkalimani.

"Bibi anamuuliza mwenye nyumba," alisema mkalimani, "karamu ijayo ni lini."

Machozi yalikuwa yameshindwa, ila aibu mbele ya wageni ikaweza.

"Alhamisi," alisema madam. "Anasafiri Alhamisi. Nyote mmenisikia."

"Eeeh," wakaitikia wanawake wote kwa pamoja, na Bi Paek akasimama kuendelea.